Bi Mkate Kasema

Jumapili, 9 Novemba

Leo sina zamu. Nimefua, nimepiga deki, nimegombana na Mama kuhusu redio. Anaifungulia sauti mpaka majirani wanagonga ukuta. Mji wa mdogo wako umekombolewa, anasema, mbona hapigi kushangilia? Nikamwambia Mama, mji huo mwezi huu umeshakombolewa mara ngapi, na kesho yake unapigwa mabomu tena. Akanuna. Eti nakula kwa serikali halafu naisema vibaya. Angejua ninachofanya huko!

Mdogo wangu kapiga jioni. Mtandao unakatikakatika. Yuko kulekule alikoolewa, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo siku hizi yeye ni adui. Adui mwenyewe anaogopa mende! Wamehamia chini, stoo ya duka la vitambaa la mumewe. Mume kachukuliwa jeshini, kimya tangu siku hiyo. Maji yanatoka bomba la nyuma ya shule tu, asubuhi. Unga unauzwa kwa fundi cherehani, si madukani. Binti mkubwa hajambo. Kifaranga, yule mdogo, anakohoa.

Nikamuuliza tena, nyuma ya shule ipi? Akanielekeza vizuri, maskini. Na mimi huyo, nikaandika kiganjani.

Jumatatu, 10 Novemba

Kazini. Ghorofa ya tatu, ilikuwa ofisi ya bima, mabango ya "Linda Familia Yako" bado yapo ukutani. Chumba cha kurekodia tumekizungushia magodoro ili sauti isirudi. Joto humo ndani, we acha tu.

Niandike hapa, maana hakuna wa kumwambia. Kabla ya vita nilikuwa naigiza vikongwe kwenye michezo ya redio. Sasa mimi ni Bi Mkate. Bi Mkate hayupo duniani. Ni mama mtu mzima, muuza mkate, "mkazi" wa mji wa mdogo wangu, anatuma sauti kwenye makundi ya simu ya kule. Maji yako wapi, unga uko wapi, mtaa gani usipite leo. Na yote ni kweli! Hiyo ndiyo amri ya Mkubwa: kwanza ukweli mtupu, uongo hata chembe hapana. Kuku haitwi kwa jiwe, anasema, kuku huitwa kwa mtama. Fundi wetu wa mitambo kazi yake kutia vumbi: mfuniko wa sufuria, jogoo, mtoto analia kwa mbali. Nikisoma vizuri ananirudisha. Umenyooka mno, dada, kosea kidogo.

Habari nazitoa wapi? Kwa mdogo wangu. Hajui. Mkubwa naye haulizi, anasifu tu eti nina kipaji.

Nimejipa moyo: si nawaonyesha watu maji? Dhambi iko wapi hapo?

Jumanne, 11 Novemba

Makubwa! Mdogo wangu kanitumia sauti ya Bi Mkate. Mimi! Eti dada, msikilize huyu mama, Mungu amzidishie. Redio ya kwenu inadanganya, ya kwetu inadanganya, huyu peke yake ndiye mtu. Kila anachosema nimeshakiona kwa macho yangu.

Asikioneje, na yeye ndiye aliyenipa!

Nikamjibu, kweli, anaonekana mama mwema. Na nilifurahi. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilitembea kutoka kituoni hadi nyumbani natabasamu kama zuzu.

Jumatano, 12 Novemba

Mkubwa kaingia chumba cha magodoro mwenyewe, na karatasi mkononi. Siku zote hutuma mtu.

Bi Mkate leo aseme hivi: Jumamosi daraja la mtoni litafunguliwa. Mabasi ya msaada yanasubiri ng'ambo. Njooni na watoto, msibebe mizigo mizito, mimi mwenyewe naenda.

Mabasi ya nani? nikauliza. Akasema hakuna mabasi. Barabara ile ni moja, ikijaa watu, magari ya jeshi lao hayapiti. Ndicho kinachotakiwa. Nikauliza, na watu? Watakuwa barabarani, akasema. Na ndege zetu? Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akasema hayo ni ya wenye ndege, sisi ni watu wa sauti.

Nikasoma.

Nimesoma, jamani! Nilishafungua mdomo nikatae, yakatoka maneno yale ya kwenye karatasi. Kichwani nilikuwa na neno moja tu: mdogo wangu nitampigia, atabaki stoo, wangu watapona. Wa wenzangu sikuwafikiria. Na Fundi hakunirudisha hata mara moja. Nilisoma kwa uchungu, akasema, leo umekuwa mama kabisa.



Alhamisi, 13 Novemba

Nimempigia tangu alfajiri. Kashika simu adhuhuri. Anacheka! Wameshapanga: binti abebe chupa ya maji, Kifaranga atabebwa mgongoni. Umesikia, dada, Bi Mkate kasema Jumamosi!

Nikamwambia usiende. Kwa nini? Hakuna mabasi. Nani kakwambia? Nikasema najua tu. Akaanza kunibembeleza kama mtu anayebembeleza mgonjwa. Dada, nyie huko mnalishwa uongo asubuhi na jioni, sikulaumu. Huyu mama yuko hapa hapa na sisi. Bomba la nyuma ya shule analijua. Fundi cherehani anamjua. Wewe unajua nini?

Nikamwambia yote. Kazi yangu, magodoro, jogoo wa kwenye kompyuta. Nikamwambia Bi Mkate ni mimi. Akasema acha utani. Nikamfanyia sauti yake, hapo hapo, nimesimama jikoni: "Wanangu, habari za kuamka, ni mimi yuleyule mama yenu."

 Nikajua ameelewa.

Akasema hata kasuku anaiga. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu nisiyemjua. Redio yao imewaonya: adui atawapigia kwa sauti za ndugu zenu, atawaambia mbaki ndani mpate kuuawa. "Wewe ni nani? Dada yangu mmemfanya nini?"

Nikamtajia jina la utani la marehemu Baba, kovu lake yeye la gotini, wimbo wetu wa kusukana nywele. Akalia. Akasema na hayo mmemtesa mpaka akayasema. Akakata.

Mungu wangu. Ukweli wangu wote niliutumia kwa Bi Mkate, wa kumpa mdogo wangu umebaki hauna ladha.

Ijumaa, 14 Novemba

Redio yetu nayo leo imerusha sauti ya Bi Mkate kwenye habari! Eti mama jasiri wa upande wa pili anawahimiza wenzake wakimbie. Mama akalia kweli kweli, akajifuta kwa khanga. Kabla sijatoka bafuni alikuwa ameshampigia mdogo wangu: mwanangu, mfuate huyo mama, uje nikuone kabla sijafa.

Nilimpokonya simu, nikamfokea. Mama yangu mzazi! Nikamweleza kila kitu. Kanitazama kwa huruma, akanishika shavu kupima homa. Redio imesema, mwanangu.

Baadaye ujumbe wa mdogo wangu, wa maandishi: "Kama kweli ni wewe, nisamehe. Mama anasema niende, wewe unasema nibaki, kichwa kinaniuma. Sitaenda na wa kwanza. Tutakaa hapa na viatu tayari. Nikisikia mtu mmoja tu kavuka salama, natoka na watoto."

Nimeusoma mpaka nimeukariri. Hakuna atakayevuka. Kwa hiyo hatasikia. Kwa hiyo atabaki. Jana sikulala, leo nimekula ugali wote, na Mama amefurahi.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika chooni, ofisini, mgongo kwenye mlango. Simu huwa tunaacha mapokezi, leo nimeificha kwenye soksi.

Asubuhi Mkubwa katuita. Kwenye skrini kuna picha kutoka juu: barabara, vidoadoa vichache. Watu wametoka majumbani lakini wamesimama kwenye kona na vifurushi. Wanaogopa, Mkubwa akasema, wanasubiriana, kila mtu anataka mwenzake aanze. Akanipa karatasi. Mistari minne tu.

"Wanangu, nimevuka. Nimeshapanda basi, wametupatia maji. Njooni."

Iliniponyoka mkononi. Nikasema hapana. Nikasema hapana, hapana, ana watoto, mdogo wangu yuko pale, ana watoto wawili. Nilipiga magoti kwenye zulia lile la bima. Nilimshika Mkubwa suruali, mwanamke mzima mimi, na sikuona haya. Nilingoja anipige, au aite askari. Hakuna. Akamtazama Fundi, Fundi akatazama viatu vyake, kisha ndiye akaniinua taratibu, akasema: Nenda kapumzike, dada. Si lazima uisome.

Nikamuuliza si lazima vipi, nani mwingine ana sauti ya Bi Mkate?

Akasema, kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani: sauti yako tunayo ya miezi, dada. Kompyuta inaunga yenyewe. Tulikupa karatasi kwa heshima tu.

Nikakimbilia huku. Nimemwandikia mdogo wangu: NI MASHINE. HAKUNA ALIYEVUKA. BAKI. Ujumbe haujafika. Nimepiga, haipatikani. Nimepiga tena. Ukuta huu umepakana na chumba cha magodoro, na magodoro upande huu hawakuweka. Nawasikia wanajaribu. Neno moja, wanalirudia. Nimevuka. Nimevuka. Mara ya tatu imekuwa mimi kabisa, na furaha ndani yake, furaha ambayo sijawahi kuwapa. Kisha kimya, kisha kiti kinasogezwa. Wametuma.

Simu imetetemeka. Si jibu la ujumbe wangu. Wa kwangu bado haujafika. Ni wake yeye:

"Dada! Umemsikia? Kavuka! Tunatoka sasa hivi, Kifaranga kagoma viatu namvalisha njiani. Mwambie Mama"

Umeishia hapo. Fundi anagonga mlango, ananiita kwa jina langu. Napiga. Inaita. Safari hii inaita, inaita, shika mdogo wangu, shika