Maji Aliyopuliza Mama Mkubwa kwenye Laptop

Kitaji, Musoma

Mama yangu,

Shikamoo. Na tena shikamoo, kwa sababu ya kwanza najua umeiitikia umesimama, na hii ya pili nataka uiitikie umekaa. Miguu inaendeleaje? Mvua huko Mpanda imeanza, au ng'ombe wa mdogo wangu Mafuru bado wanalamba vumbi? Mimi ni mzima, nimenenepa mpaka mkanda umehamia tundu la mwisho.

Mama, katika watoto wote uliowazaa, mimi Magesa ndiye niliyezaliwa nimeshika bahati mkononi. Nina mtandao ambao mkoa huu mzima hakuna mwenye nao. Nikifungua laptop Musoma, unashika. Bunda, unashika. Butiama unashika hata sijakaa. Haujawahi kuniangusha siku hata moja. Wenzangu kazini wananiita Waziri wa Mawasiliano, na mimi siwakatazi.

Nikueleze nilivyoupata. Unajua kazi yangu ni kuzunguka na laptop kuandikisha wakulima wa pamba: jina, shamba liko wapi, mbegu amechukua kiasi gani. Jioni lazima majina yafike ofisini kwa mtandao. Bosi alituambia kila mtu achague mwenyewe kampuni ya kumpa mtandao, ila akasema, "Chagueni unaoshika mnakokwenda, siyo mnakolala." Maneno hayo yashike, Mama. Mimi sikuyashika.

Dukani nikakuta namna tatu. Moja unaichomeka ubavuni mwa laptop. Ya pili unachota mtandao kutoka kwenye simu yako, na simu inachemka mpaka unaweza kukaangia yai. Ya tatu ni kidude cheusi cha mfukoni chenye taa, cha mtu aliyeendelea. Binti wa dukani akaniuliza, "Kaka, unasafiriga nacho wapi na wapi?"

"Dunia nzima."

"Dunia mbali huko. Mimi nakuuliza vijijini."

Nikacheka, nikachukua cheusi. Hata simu yangu nikaihamishia laini ya kampuni hiyohiyo. Na nilikijaribia wapi? Chumbani kwangu, nimelala chali natazama mpira. Bunda mjini kikaenda. Butiama nikamwandikisha mzee mmoja, jina lake likafika ofisini kabla hajamaliza kunilalamikia bei ya pamba. Nikaona mtihani nimefaulu, mimi ambaye shule nilifaulu kengele ya kwenda nyumbani tu.

Sasa Mama, hapa kalamu inakuwa nzito. Nasonga nayo hivyohivyo.

Mama Mkubwa alipozidiwa, aliniita kwake Mugango. Nikaingia na vicheko vyangu. Akasema, "Weka kelele zako nje, ukae. Kuna neno nilimtupia mdogo wangu kwenye matanga ya mama yetu, alipoondoka hatujamaliza. Nilimwambia asikanyage tena mlango wangu. Na kweli hajakanyaga. Neno hilo siendi nalo."

Nikamwambia nikupigie simu palepale muongee. Akakataa. "Neno la hivyo linatokaga kwa maji, na maji hayo mtu anapuliziwaga kwa mdomo, uso kwa uso. Mama yako miguu mibovu, mimi hata hiyo mibovu sina. Hilo sanduku lako si linaonyeshaga watu?"

Nikajipiga kifua. Nikasema Jumamosi saa nne utakuwa mbele yake kama umetoka jikoni. Ndipo nikapanga na Mafuru akulete Mpanda mjini, kwa vile huko mlipo porini simu inaleta sauti tu, picha haiji.

Jumamosi nikashuka kwenye pikipiki pale mwaloni Mugango, ufukweni, akina mama wanaanika dagaa. Mama Majura, yule anayepelekaga dagaa Bunda, akaona kidude changu.

"Mwanangu, laini hiyo huku haishikagi. Sisi wote tuna ile nyingine, ndiyo tunaulizia bei mjini. Hata dagaa wanajua."

"Nyie endeleeni na vitochi vyenu vya kubonyeza," nikamjibu. "Hii ni teknolojia."

"Haya, teknolojia, karibu Mugango!" Wakacheka wote, na mimi nikapita natembea kama mbunge.

Nyumbani walikuwa wamemvalisha Mama Mkubwa gauni la kanisani, wamemkalisha kwa mito, bakuli la maji liko mapajani. Nikafungua laptop. Taa nyekundu. Nikazunguka nyumba. Nyekundu. Nikapanda lile jiwe la nyuma ya zizi, nimeinua kidude juu kama anayeomba mvua, kuku wananitazama. Nyekundu. Simu yangu nayo, laini ileile, kimya.

Mama, kutoka pale mpaka kwa Mama Majura si zaidi ya kutoka mlangoni kwako mpaka kisimani. Nilimwona kutoka juu ya jiwe. Kitochi kilikuwa sikioni, anaongea na Bunda. Ningekiomba, ungesikia sauti ya dada yako na yeye angesikia yako. Uso ungekosekana, ila sauti ingekuwepo. Nimewacheka asubuhi, nitarudije? Mimi mwenye mdomo wa kuwauzia wavuvi maji, nilishindwa kusema "naomba simu."

Nikarudi ndani. Nikafungua picha yako, ile ya ubatizo wa mtoto wa Mafuru, nikaijaza kwenye kioo chote. Macho ya Mama Mkubwa siku hizo yalikuwa ukungu mtupu. Nikasema, "Huyo hapo."

Akaisogelea. "Mdogo wangu," akasema. "Umezeeka. Na mimi nilidhani nazeeka peke yangu." Akangoja. Kisha akaniuliza, "Mbona hatikisiki?"

"Mtandao unagandaga, Mama Mkubwa. Anakusikia."

"Basi mwambie mlango uko wazi. Mwambie kila Pasaka nilikuwaga natazama njia."

Akajaza maji mdomoni, akakupulizia usoni. Akajaza tena, akapuliza tena. Maji yakatiririka mpaka kwenye herufi. Ndivyo laptop ya ofisi ilivyokufa, na ofisini nimesema nilinyeshewa. Akanigeukia. "Amesema nini?"

Nikasema, "Analia."

Akacheka kidogo. "Alikuwaga mtu wa machozi tangu zamani." Akaomba alazwe.

Niliporudi Musoma, kidude kikawasha kijani bila haya yoyote. Mafuru akanipata. Akasema umekaa kwenye kiti cha duka la simu tangu saa nne mpaka saa nane, umevaa kile kitenge cha kijani, hutaki hata kwenda kunywa chai usije ukapitwa. Nikamwambia huku kwangu mtandao ulikuwa umejaa, simu yake ndiyo mbovu. Na wewe nikakuambia hivyohivyo. Ukamsema mbele ya mke wake kwamba hafai hata kushika tochi. Akaibeba lawama, maana mimi ndiye kaka na mimi ndiye mtaalamu.

Siku ya nne Mama Mkubwa akatutoka. Tulipomaliza kuzika nikakupigia, ukasema, "Dada amekwenda na neno lake, hata mtu mmoja hakuniletea." Mama, neno nilikuwa nalo mdomoni. Nililimeza, kwa sababu ungeniuliza lilisemwa lini na kwa nini wewe hukulisikia. Kwa simu nisingeweza. Unanijua, ningetia mzaha katikati nikaponea hapo. Karatasi hainichekei.

Ndani ya bahasha kuna leso. Ndiyo niliyofutia kioo siku ile. Imekauka, lakini maji yaliyomo ni yako, alikutolea kwa mdomo wake. Fanya nayo unavyojua wewe na watu wazima wa huko. Mlango uko wazi.

Laini ya akina mama wa dagaa nimeinunua. Mama Majura alinichagulia mwenyewe, akaniongezea masimango kama kishika uchumba. Ukisema nikupigie, nitakupigia nimesimama juu ya jiwe lile. Ukisema nisikupigie, nitaelewa.

Nisalimie shemeji, mke wa Mafuru, na umwambie uji anaokupikia mimi naujua kwa sifa. Msalimie mjukuu wako wa ubatizo ule, na mzee Masatu jirani yenu anayewasaidia kuchunga ng'ombe. Mafuru usimpe salamu tu. Msomee barua hii yote, mke wake akiwepo.

Simu yake haikuwa na kosa. Mtandao wangu Mugango haukushika hata dakika moja. Ile bahati niliyoanza nayo huko juu sina. Nilikudanganya, Mama.

Ni mimi mwanao,
Magesa