Nado Amerudi Langoni

Koko, bibi yangu, takwenya.

Najua hutaitika "iko" kama ulivyozoea, na kichwa nimekiinamisha bure, hakuna mkono wa kukigusa. Lakini nina habari, nimekaa nayo muda mrefu na siwezi kungoja tena: Nado amepatikana. Ng'ombe wako mwekundu, wa mwisho wa nyumba yako, yuko hapa bomani. Anakula vizuri, amenona, na juzi amenikanyaga mguu. Amerudi, Koko!

Kabla sijaendelea, niungame. Siku zile za mwisho, kila ukifungua macho ulikuwa unauliza, "Nado iko wapi?" Nami nikakuambia ameonekana upande wa Isinya, analetwa. Nilidanganya. Hatukuwa tumesikia lolote. Alikuwa ameibwa miezi miwili kabla ya hapo akiwa na mimba, na Baba mdogo alikuwa ameshakata tamaa. Wale wengine wote ulikuwa umewazika wakati wa ukame. Niliona unaondoka ukidhani nyumba yako imefungwa, na moyo wangu haukuweza. Nisamehe.

Unakumbuka nilivyoletwa kwako mara ya kwanza? Mama alikuwa amepata kazi kiwandani, hakukuwa na mtu wa kukaa nami likizo, nikapakiwa na begi langu la shule hadi Kajiado. Mimi mtoto wa Kitengela, Kimaasai changu cha kuombea maji tu. Wewe Kiswahili chako cha sokoni. Asubuhi ya kwanza ulinipa kibuyu nikishike, ukainama kukamua, ukaniuliza, "Hii na mama yake nani?" Nikakujibu ng'ombe ni ng'ombe. Ulicheka hadi ukaacha kukamua, kisha ukawaita majirani waje wamwone mtoto wa mjini.

Basi kila asubuhi ikawa hivyo. Na mama yake? Na mama ya mama yake? Nilichoka, Koko, nikwambie ukweli. Nilitaka unisimulie maisha yako, wewe unanisimulia ng'ombe. Nikikuuliza baba alizaliwa lini, jibu ni kwamba alizaliwa siku moja na Nado mkubwa. Nikikuuliza bega lako la kushoto liliumia vipi, unaanza na Mugie, kwa sababu ulianguka kutoka juu ya nyumba ukipaka kinyesi chake kwenye paa, wiki aliyozaa. Ilinichukua likizo tatu kuelewa kwamba ndiyo maisha yako ulikuwa unanipa, tena yote, wala hukuficha kitu.

Siku niliyokupenda kabisa ni ile uliyonisimulia lango. Umetembea kutoka kwenu Ewuaso Kedong, bibi harusi, viatu vipya vimekuchubua visigino, umekatazwa kugeuka nyuma. Mnafika bomani kwa babu, nawe unasimama langoni, unakataa kuingia, kama desturi inavyotaka, mpaka uahidiwe mnyama. Wakakupa mbuzi. Ukanyamaza. Wakaongeza kondoo na mwanawe. Ukanyamaza. Wenzako huingia hapo. Lakini wewe ulikuwa umemwona mtamba mmoja mweupe, wa mama mkwe mwenyewe, na ukaamua ni huyo au mlale wote nje. Jua likasogea. Mama mkwe akakuita kichwa ngumu mbele ya watu. Mwishowe akasema, "Chukua, uingie, tumechoka." Huyo ndiye Naibor, na nyumba yako yote ilitoka kwake.

Nilikuuliza kama hukuogopa. Ukasema, "Niliogopa sana. Lakini miguu haikujua."

Sasa sikiliza yaliyotokea Kitengela.

Tulikuwa tumekuzika mwezi mmoja tu. Nilikuwa nimetumwa na mama kununua mafuta ya taa, nikapita kando ya soko la mifugo. Nikamwona. Amekonda, lakini ni yeye, na ndama mwekundu pembeni. Alikuwa wa Mzee Abdullahi, yule mfanyabiashara kutoka kaskazini mwenye ndevu za hina, na lori lilikuwa limeshafunguliwa nyuma, linapeleka ng'ombe wa kuchinjwa Nairobi. Nilikimbia hadi kwa duka la Baba mdogo nikamvuta kwa shati. Akaja, akamkagua. Masikio yalikuwa yamekatwa upya, alama yetu haipo. Chapa imechomwa juu ya ile yetu, huwezi kusoma kitu. Akatikisa kichwa. "Hakuna ushahidi hapa. Wacha twende nyumbani, tutaaibika."

Koko, nilisimama. Nilisimama mbele ya lile lori na kibuyu changu cha mafuta ya taa, yaani mtungi, nikakataa kusogea. Dereva akapiga honi. Watu wakajaa. Mwingine akaniuliza kama nimerukwa na akili. Niliogopa sana, na kusema kweli miguu yangu ilijua. Lakini haikuondoka.

Wazee wa soko wakaitwa. Wakaniuliza nina nini cha kuonyesha. Sikuwa na kitu isipokuwa yale mazungumzo yetu ya asubuhi. Nikaanza. Huyu ni Nado, mama yake Keri. Keri, mama yake Narok mdogo. Narok mdogo, mama yake Mugie aliyefanya bibi yangu aanguke. Mugie, mama yake Nado mkubwa aliyezaliwa siku moja na baba. Nado mkubwa, mama yake Narok. Narok, mama yake Naibor wa langoni, aliyetolewa na mama mkwe wa bibi yangu. Kuna waliocheka. Mzee Abdullahi hakucheka. Alishusha fimbo yake, akasema, "Kwetu ngamia huhesabiwa hivi hivi, kwa mama zao. Huyu msichana hajajifunza haya leo."

Kisha akatueleza kwa nini anamuuza. Tangu azae, hakuna mfanyakazi wake aliyeweza kumkamua. Anapiga mateke, ameshamwaga ndoo kadhaa na kumwangusha mtu. Hapo nikacheka mimi. Nikawauliza wanamkamua upande gani, wakanionyesha, ule wa watu wote. Kwani wangejuaje? Mimi nilijua ni lile bega lako. Tangu ulipoanguka ulikamulia upande wa pili, na ng'ombe wote wa nyumba yako waliokuja baadaye walizoea hivyo.

Nikaomba kikombe. Nikazunguka upande wako, nikaegemeza paji la uso kwenye ubavu wake, nikamwimbia ule wimbo wako wa majina, uliokuwa ukiimba ukikamua. Akatulia, Koko! Akageuza kichwa akaninusa mgongo, na maziwa yakaja hadi kikombe kikafurika na povu likanimwagikia mkononi. Nililia mbele ya soko zima, sikuona haya. Baba mdogo alivua kofia. Mzee Abdullahi mwenyewe ndiye aliyefungua kamba akanikabidhi, na ndama pia, akasema aliyemuuzia atamtafuta wamalizane wenyewe. Na kweli alimpata huyo muuzaji.

Tulimrudisha Kajiado kwa miguu, Baba mdogo na mimi, siku mbili, kwa sababu niliona si vizuri Nado arudi kwako ndani ya lori. Tulipofika langoni akasimama kidogo. Nikamwacha asimame.

Huku mambo yamebadilika. Kila mtu Kitengela ana simu ya mkononi sasa, na malisho ya zamani yana nyua za mawe. Yule ndama amekuwa mtamba, naye ana mimba. Nimempa jina Naibor, yaani mweupe, ingawa ni mwekundu kabisa, na majirani wako wanacheka kama zamani. Waache wacheke. Hata Baba mdogo huja asubuhi kunisikiliza nikihesabu, kisha naye hujaribu, na akikosea namrudisha mwanzo.

Nakuahidi hivi. Nikiolewa, nitasimama langoni mpaka wachoke. Na mtoto wangu, hata akizaliwa ghorofani, likizo zake atazimalizia hapa, akishika kibuyu, nikimuuliza mama yake nani, na mama ya mama yake nani, mpaka afike kwa msichana mwenye visigino vilivyochubuka. Akichoka, nitamwambia mimi pia nilichoka.

Nilikuambia Nado analetwa. Ameletwa, Koko.

Olesere. Lala vizuri, nyumba yako imejaa.

Mjukuu wako,
Nasieku