Mado, mashini ilifunguka nyuma ya Gracia kuenda

Mado, rafiki yangu,

Kaburi yako ingali na bulongo mubichi, na mi nakuletea shida. Unisamehe. Sina mwengine wa kuambia.

Mashini yetu ilikufa. Ile yenye tulikuwa tunaandikia bantu barua ya kuomba kazi ku mine ya shaba, pale karibu na soko. Windows ilikatala kabisa kufunguka: écran, kioo yake, nyeusi tu. Na mama yako alishaniambia ku kilio: "Céline, kama bureau yenu ya barua inatembea, Gracia, mutoto ya Mado, abakie kwako, asome hapa Kolwezi. Ikikufa, nitamupeleka kwangu Mutshatsha." Unamujua mama. Hasemaka mara mbili.

Nikakumbuka vile ulikuwa unafufua mashini ya bantu na clé USB yenye Linux, pahali pa Windows. Nikatelesharje Linux toka internet ku telefone, nikaitia mu clé kama vile tunatiaka nyimbo. Mashini haikuiona. Nikarudilia, nikarudilia. Gracia ananiuliza: "Mama Céline, itafunguka?" Nikamudanganya: ndiyo.

Mama yako akafika, akakuta écran nyeusi. Akafunga nguo ya mutoto mu kitambaa. Gracia alishika mulango na mikono yote mbili, Mado. Mi njo nilimufungula vidole. Mi.

Nyuma yao kuenda nililia mupaka nikachoka. Njo sauti yako ikanirudilia: "Soma kwanza, ndugu. Kulia kunakuja nyuma." Nikasoma. Kumbe haitoshi kukopiya. Inaomba programme ya kuandika Linux mu clé, ili mashini ianzie pale. Jirani akaniachia mashini yake, nikaiandika muzuri. Nikarudi ku mashini yetu, nikafinya F12 ku clavier, nikachagula clé. Écran ikawaka.

Ikawaka, Mado, na mu nyumba hakuna mutu wa kuita aone.

Sasa bantu banakuja, naandika, machozi inaanguka ku clavier. Niliita mama yako ku telefone. Akasema: "Leo inatembea. Kesho je?" Ungekuwa hapa, ungemujibia.

Lala, ndugu yangu. Mi nitapanda train ya Mutshatsha, nitapiga magoti mbele ya mama yako. Akikatala, nitarudi Kolwezi, nitafanya kazi, nitapanda tena. Gracia hatakomaa bila mutu wa kumuelezea mama yake. Hiyo nakuapia.

Wako,
Céline