Anayepumua Kwenye Filamu Zetu

Alhamisi. Mvua ilianza kabla sijafungua dirisha, na mpaka sasa mabati bado yanadondosha. Mji wetu wa Likasi leo una rangi ya maji ya kufulia. Mikono yangu ni ya baridi, na siwezi kusingizia mvua.

Nianze na la kuchekesha, maana nikianza na lile jingine sitamaliza.

Mkurugenzi wa shule yetu ya filamu ametaka kila mwalimu aandike mistari michache juu ya kazi alizofanya kabla ya kuja kufundisha. Anataka kuiweka kwenye ukurasa wa shule, picha juu, maneno chini, ili wazazi wajue kwamba watoto wao wako mikononi mwa watu waliokwisha kuchafuka na kazi yenyewe. Kuikusanya nilipewa mimi. Mimi ni mhariri, na hapa kwetu kazi yoyote isiyo na mwenyewe ni ya mhariri.

Walimu wenyewe tuko watatu tu. Trésor wa kamera alipiga picha za harusi na vilio vya misiba vya nusu ya mji huu. Aliniletea ukurasa mzima, na ndani yake amejiita bingwa mara mbili. Mimi nilikuwa nakata video za harusi na mahubiri katika studio moja ya Lubumbashi. Nimeondoa miayo ya waumini wengi sana, Mungu ananijua. Wa tatu ni Papa Kasongo wa sauti. Huyu amezunguka na wageni waliokuja kutengeneza filamu za maana: bwawa la Mwadingusha, machimbo ya Kakanda, treni, kwaya. Kati yetu ndiye peke yake ambaye jina lake limewahi kupita kwenye kioo kikubwa cha sinema, mbali na hapa. Kwake nilitegemea kurasa tatu.

Alinipa sentensi moja. "Nimerekodi kimya."

Mkurugenzi aliona ni dharau. Mimi nilicheka. Ilikuwa Jumatatu, na bado nilikuwa na nguvu za kucheka.

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze. Mtu wa sauti akimaliza kurekodi mahali, kabla ya kukunja nyaya, huinua mkono, watu wote wananyamaza, naye anarekodi chumba hicho bila neno lolote. Nyumba hazinyamazi namna moja. Moja ina friji, nyingine ina kuku nyuma ya ukuta, nyingine dari yake inalia jua likipanda. Mimi nikikata maneno ya mtu na kuyaunga, katikati hubaki shimo, na shimo hilo huzibwa kwa kimya cha nyumba ileile. Usipoliziba, sikio linalijua mara moja, kama ulimi unavyojua pengo la jino.

Wanafunzi wetu hawaleti kimya. Papa Kasongo anawafundisha, wanaandika, wanaitikia, halafu wanarudi mikono mitupu. Siwalaumu sana. Mama mwenye nyumba amekupikia bukari, ugali wetu, amekupa kiti kilicho kizima, watoto wake wanacheka mlangoni. Umwambieje anyamaze ndani ya nyumba yake? Na kwetu kimya cha kuombwa ni cha kwenye kilio, wakati jeneza linatolewa. Kwa hiyo wanaona haya, wanashukuru, wanatoka. Mashimo wananiletea mimi.

Nami nikatafuta njia ya mkato. Papa Kasongo alipoanza kufundisha aliipa shule diski yenye sauti zake za zamani. Humo nikakuta kimya kimoja kizuri, safi, cha chumba cha nyumba ya kawaida. Nikakitandika chini ya filamu ya mwanafunzi mmoja, kikakaa. Nikakitandika chini ya nyingine. Kikiwa kifupi, naiambia kompyuta ikirudie: kikifika mwisho, kinaanza upya. Mwaka mzima nimeziba mashimo yote ya shule hii kwa kimya hichohicho, na hakuna aliyelalamika.

Mpaka Jumanne.

Naomi ni msichana asiyependa kupoteza maneno. Filamu yake ni ya jiko la nyanya yake, tangu nyanya alipohamia kwa mwanawe Kolwezi na kuliacha tupu. Alikuja mezani kwangu akasimama.

"Madame, mu jiko ya nkambo kuko muntu."

"Muntu gani? Si ulifunga mulango weye mwenyewe?"

"Njo ile nauliza, Madame. Anapumua."

Nilimwambia ni upepo. Mchana huohuo akaja Dieumerci, ambaye filamu yake ni ya chumba cha kaka yake kule Kakanda, mchimbaji. Na yeye alikuwa na mtu chumbani. Wakaweka filamu zao mbili kwenye simu, moja baada ya nyingine, wakanipa nisikilize. Alikuwa mtu yuleyule.

Habari ikatembea haraka kuliko mimi. Kufikia Jumatano asubuhi mama yake Dieumerci alikuwa ameshaongea na mchungaji wake ili aje kuombea kompyuta. Kwa virusi ilivyo navyo, nisingemzuia. Lakini mkurugenzi hakucheka. Jumamosi ni maonyesho ya mwisho wa mwaka, wazazi watakuwepo, na yeye anataka sauti hiyo itoke kwenye filamu zote kabla ya hapo, nisiulize ni ya nani.

Jana umeme uliporudi mchana (tuko jirani na bwawa la umeme la Koni, lakini nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, kwa wenye haraka zaidi), nilivaa kaski ya masikioni, nikafungua kimya changu peke yake, bila filamu. Kwa mara ya kwanza nilikisikiliza kama mtu anavyosikiliza wimbo. Mwaka mzima nilikuwa nakitazama tu kwenye kioo cha kompyuta, mstari mwembamba unaokaribia kunyooka.

Jogoo, mbali. Kitanda kikalia kidogo. Kisha pumzi, ndogo na ya polepole, ya mtu aliyelala chali. Nyingine. Kati ya moja na nyingine panakuwa parefu, na kila mara panazidi kuwa parefu. Halafu sikusikia tena pumzi. Jogoo aliwika peke yake. Chumba kikawa safi kabisa, na kimya kikaendelea muda mrefu hivyo, mpaka mwisho.

Kisha kompyuta ikafanya nilichoiagiza, na pumzi ya kwanza ikaanza tena.

Niliivua ile kaski nikaiweka mezani kwa uangalifu, kana kwamba ndani yake kuna mtu aliyelala. Nilikuwa nimeogopa, na naandika hivyo kwa sababu hapa sina wa kumdanganya.

Halafu nikamkumbuka Papa Kasongo kwenye maonyesho yetu ya kila Jumamosi. Hukaa safu ya nyuma, mikono juu ya magoti, macho yamefumba. Mwaka huu hajakosa hata onyesho moja, hata zile filamu ambazo wazazi wa mwanafunzi mwenyewe walitoroka. Mimi na Trésor tulikuwa tunamtania kwamba mzee anakuja kulala.

Leo nilipiga moyo konde nikamfuata kwenye chumba cha kuhariri, alikokuwa amejikinga na mvua akifuta nyaya kwa kitambaa. Nikamwuliza ile nyumba ni ya nani.

"Ni kwangu," alisema, bila kuacha kufuta.

"Na ule mwenye kupumua, Papa?"

"Odette. Bibi yangu."

Nilijua kwamba mkewe alifariki miaka iliyopita, kabla sijafika shuleni. Nilijua kama kila mtu alivyojua: Mama Odette alikuwa mgonjwa, gari la wageni lilikuja asubuhi kumchukua mzee kwenda kurekodi bwawa la Mwadingusha, na wakati yuko nje anapakia vyombo mama akaondoka duniani. Ndivyo alivyowaambia watoto wake na ukoo wote wakati wa kilio.

Hakuwa nje.

Alinieleza polepole, nami sikuthubutu kukaa. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa anapima mashine yake hapo chumbani. Anaiweka juu ya kigoda, anavaa kaski, anainua mkono, na Mama Odette ananyamaza. Ulikuwa mchezo wao. Mama alikuwa mwenye maneno mengi, akipenda kumwambia kwamba ameolewa na mtu anayekusanya hewa, lakini mkono ukiinuka alinyamaza mpaka ushuke. Asubuhi ile naye alinyamaza. Papa Kasongo alikuwa amempa mgongo, macho yakiwa kwenye mshale wa mashine. Alimsikia anapumua, akaudhika kidogo, kwa kuwa pumzi huchafua. Kisha pumzi ikaacha, na mshale ukatulia.

"Nilifurahi, mama," aliniambia. "Nilisema mu roho, leo ananyamaza muzuri."

Alirekodi mpaka akatosheka. Ndipo akashusha mkono na kugeuka.

Mvua ilikuwa inapiga mabati; akakunja waya aliokuwa anaufuta. Alipoendelea, alisema hakuweza kuisikiliza sauti ile wala kuitupa, ndiyo maana aliichanganya na nyingine akaipa shule. Alidhani itapotea humo. Halafu akaja kwenye onyesho la kwanza la mwaka, akafumba macho ili asikilize kazi ya wanafunzi wake, akamsikia mkewe jikoni kwa watu.

"Kila Jumamosi nakuya, namungojea afike ku mwisho. Nasema, leo nitamuacha aende. Halafu weye unamurudisha."

"Sikuyua, Papa."

"Nayua. Ungekuwa unayua, ungekuwa muchawi."

Alitabasamu aliposema hivyo. Mimi nililia. Nimemfanya mke wa mtu afe na kuanza upya, chini ya majiko ya watu na vitanda vya wachimbaji, kila Jumamosi, mbele ya mumewe, kwa uvivu wa kubonyeza kitufe.

Nilimwuliza anataka nifanye nini. Kuikata ile pumzi ni kazi ndogo, kompyuta inaimeza na hakuna atakayejua iliwahi kuwepo. Nilikuwa tayari pia kumkatalia mkurugenzi na kuiacha, kama ndivyo atakavyo. Aliweka kitambaa chini. Kisha akasema anataka kumsikia mara moja tu, mpaka mwisho, na mwisho uwe mwisho.

Akavaa kaski. Mimi nikaondoa agizo la kurudia, nikalihakikisha tena na tena, nikaweka kidole juu ya kitufe hata hivyo. Mstari ukatembea kwenye kioo. Nilikuwa naona kila pumzi ikiinuka kama kilima kidogo, na yeye akiisikia. Vilima vikaisha. Mstari ukanyooka, ukaenda, ukafika mwisho ukasimama. Hakuvua kaski kwa muda mrefu. Alikuwa anangoja kama nitamrudisha.

Sikumrudisha.

"Basi," alisema. "Sasa futa."

Nikafuta. Nikamtoa pia kwenye filamu zote, moja moja, yeye akiwa amekaa nyuma yangu. Mashimo yakarudi yote. Kesho Trésor atawapeleka wanafunzi kwenye nyumba walizorekodi wakaombe kimya kwa adabu au bila adabu. Jiko la nyanya yake Naomi haliendeki tena, limeshapata mpangaji, kwa hiyo Papa Kasongo akasema tumrekodie kimya cha chumba chetu cha kuhariri, ambacho, kama lile jiko, kina sakafu ya saruji na dirisha moja.

Tulingoja mvua ipungue. Ilipobaki matone tu, akaweka mashine juu ya meza. Nilitegemea atanipa mgongo, ndivyo anavyofanya siku zote. Safari hii aligeuza kiti akakaa ananitazama, kaski masikioni, mkono juu. Nilielewa. Nikapumua kwa sauti kidogo, ajue kwamba niko. Kwa mtu wa filamu ni kosa kubwa, na nililifanya kwa makusudi.

Kisha macho yake yakaniacha. Yakahamia pembeni yangu, kwenye kile kiti cha ukutani ambacho hakikaliwi kwa sababu mguu wake mmoja umevunjika. Yakatulia hapo. Hakushtuka. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeitikia jambo aliloambiwa, ndipo akashusha mkono.

Sikumwuliza kitu. Kaski ilikuwa masikioni mwake, si mwangu. Alizima mashine, akanipa kadi yenye kimya kipya, akaniambia niende nyumbani kabla mvua haijarudi. Sentensi yake ile moja nimeirudisha kwa mkurugenzi kama alivyoiandika.

Kadi imo ndani ya mkoba wangu, na mkoba nimeuacha mlangoni. Kesho asubuhi ni lazima kimya hiki kiingie kwenye filamu ya Naomi, na mara hii nimeapa kukisikiliza kwanza, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Chumbani tulikuwa watu wawili. Nikisikia pumzi ya mtu wa tatu, nitakuwa na moyo wa kuikata?