Wavu wa Gurudumu la Nyuma

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na shemeji, na huyo mwanangu ambaye nasikia ameota meno na sasa anamng'ata kila anayembeba. Mbusu, lakini jihadhari na pua yako. Mimi mama yake mkubwa sina la kulalamikia isipokuwa mgongo, na mgongo wenyewe unauma kwa sababu ya kusimama kutwa nzima kwenye duka la dawa nikiwauzia watu dawa ya mgongo. Je, kikohozi chako kimeisha? Usinijibu kwamba "kinaendelea vizuri" kama mara ile. Kikohozi hakipaswi kuendelea vizuri.

Baba naye mzima. Ni mzima kuliko ulivyomwacha, na hilo ndilo lililonifanya nikae niandike badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, nakujua. Kwa hiyo mpe baba yake mtoto, keti, usome mpaka mwisho. Kama ni kukasirika, ukasirike baadaye.

Mvua kubwa za msimu uliopita zilivujia stoo. Tulipokuwa tunatoa vitu nje ili vikauke, baba alivuta turubai kule nyuma na baiskeli ya mama ikaanguka kifudifudi mbele yake. Unaikumbuka ilivyokuwa: ile ya kike isiyo na mtaimbo wa katikati, yenye kapu mbele ambamo alikuwa akituletea mikate ya moto kutoka kwenye tanuri alikofanya kazi. Sasa kapu lilikuwa limeliwa na panya, mnyororo umekuwa kitu kimoja na kutu, na kiti kimepasuka kama muhogo uliochemka sana. Nilidhani tutaipa watu wa vyuma chakavu. Baba akaisimamisha, akaifuta uso kwa shati lake, akasema ataitengeneza irudi kama alivyoiacha mama.

Nilicheka, na najua wewe pia umecheka. Baba yetu! Karani wa posta aliyepiga mihuri maisha yake yote na hajawahi kupigilia msumari bila mtaa mzima kujua. Kila kilichoharibika nyumbani alikuwa anakitengeneza mama. Lakini safari hii hakutania. Alimtafuta fundi baiskeli wa pale kona, yule mwembamba wanayemwita Spoku, akamwomba amfundishe, si amtengenezee. Spoku aliniambia pembeni kwamba hajapata kuona mwanafunzi mwenye umri huo akiumia vidole vingi kiasi hicho kwa hiari yake.

Walianza na kutu. Baba alikaa uani na msasa na mafuta ya taa, anasugua huku anaongea peke yake. Chini ya uchafu wote ule ikatokea rangi ya kijani iliyokolea, na mistari miembamba ya dhahabu ambayo sisi hatukuwahi kujua ipo. Ilipofika siku ya kuichora upya mistari hiyo, alishika brashi ndogo na kuzuia pumzi mpaka nikaogopa ataanguka. Mmoja umepinda kidogo karibu na usukani. Spoku alitaka kuufuta, baba akakataa, akasema huo uachwe, ndio wake mwenyewe.

Vishikio vya usukani vilikuwa vimeoza, akaamua kuchonga vya mbao. Vya kwanza vilionekana kama viazi. Vya pili vikawa vya maana. Aliniita, akaniambia nifumbe macho nishike. Mdogo wangu, nilishtuka. Vilikuwa vipana na vimejaa kiganja, kama mkono wa mama baada ya kukanda unga asubuhi nzima. Nilifumbua macho nikamwona baba ananitazama.

Kiti ndicho kilichotutoa nyumbani. Spoku alisema yeye hawezi ngozi, akamwelekeza baba kwa mwanamke mmoja anayetengeneza mikoba na viatu nyuma ya stendi. Watu humwita Bi Uzi, kwa kuwa hakosi kipande cha uzi mdomoni, na akitaka kukuambia neno la maana hukitoa kwanza. Ni mfupi, anatumia mkono wa kushoto, alifiwa na mume zamani. Alimwambia baba kwamba ngozi ile haishoneki tena. Itakatwa mpya, italowekwa, itavutwa juu ya chuma ikiwa bado mbichi na kuachwa ikauke kivulini taratibu, na mwenye kiti itambidi awe anapita kuitazama.

Baba alipita. Alipita leo, akapita kesho, mpaka nikamwuliza kama ngozi ile inakauka au inalelewa. Akasema kazi nzuri haitaki haraka. Nikaona ameanza kupiga pasi shati la kwenda kutazama ngozi. Mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikafurahi tu kwamba baba anatoka nje.

Na mimi alinipa kazi. Unakumbuka ule wavu uliokuwa pembeni mwa gurudumu la nyuma, wa kuzuia sketi isiingie kwenye spoku? Ulikuwa umebaki kamba mbili. Aliniomba nifume mwingine. Nilinunua uzi wa rangi ya zambarau, ile aliyoipenda mama, nikafuma kila jioni nikitoka kazini, upande huu na upande ule, tundu baada ya tundu. Nikifuma nilikuwa namwona akishuka mlima na mikate yake, sketi imejaa upepo. Sijawahi kuomboleza vizuri namna ile.

Kisha mambo yakaanza kubadilika, nami nikawa nayaona bila kuyaelewa. Baba akavitoa vile vishikio vizuri, akavifunga kwenye kitambaa na kuviweka kabatini, akachonga vingine vyembamba. Nikadhani ni kutoridhika kwake tu. Kengele ikahama kutoka kulia kwenda kushoto. Kiti kilipoletwa, cheusi, kimeshonwa kwa mshono uliolala sawasawa utadhani umechorwa, Spoku alikiweka juu, na kesho yake nikakuta baba amekishusha chini kabisa.

Asubuhi moja nikasema ngoja niipande nione. Wewe na mimi na mama, sote miguu yetu ni ya twiga. Nilipokanyaga pedali goti likagonga usukani. Nikashika vishikio, vidole vikavuka na kukutana. Nikatafuta kengele kwa kidole gumba cha kulia, hakuna. Nilibaki nimekaa pale uani, mguu mmoja chini, na ndipo nilipoelewa kwamba baiskeli ile haikuwa inatengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekufa.

Najua umeshasimama. Kaa.

Nilimfuata baba jikoni. Nikamwambia, "Baba, hii ni ya mama." Hakujifanya haelewi. Alizima jiko, akasema, "Nilianza kwa ajili yake, mwanangu, sikukudanganya. Kila nati niliyoifungua nilikuwa namwuliza moyoni hii inaelekea wapi. Halafu nikaona inakaribia kwisha. Ikiisha nitaifanya nini? Nitaitundika ukutani? Nitakuwa nimetengeneza kaburi lenye magurudumu."

Nikamwambia basi angemnunulia huyo Bi Uzi baiskeli mpya. Akasema mpya angeweza kumpa mtu yeyote. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sasa naionea haya, kama anampenda. Aliangalia bandeji kwenye kidole chake muda mrefu. Akasema kwamba akiwa pale kwenye kibanda cha Bi Uzi hasikii saa inavyogonga, na akirudi hapa anaisikia hata akiwa amelala. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nipo hapa. Nimerudi nyumbani hapa kwa ajili yake tangu ndoa yangu ilipovunjika, napika, nafua, namwuliza kama amekula. Nilifumbua mdomo, nikaona usoni mwake kwamba analijua hilo, na kwamba linamuumiza. Nikatoka.

Kwa siku kadhaa nilimwekea chakula mezani na kuondoka. Nilikuwa nakumbuka maneno yako baada ya mazishi, mbele ya shangazi wote, kwamba siku mwanamke mwingine akiingia nyumba ile, wewe utakuwa mgeni humo. Na mimi nilikuitikia. Sikukuitikia kwa kukuridhisha, nilimaanisha.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu isipokuwa mmoja, na utamjua sasa hivi. Baba alipotoka kwenda kwa Spoku, nilichukua mkasi wa jikoni nikaenda uani. Nikapiga magoti kwenye gurudumu la nyuma nikaanza kuukata wavu. Nilikata uzi mmoja, nikakata wa pili. Ule wa tatu ulikuwa umeshaingia kwenye mkasi, mkono ukakataa. Nilikaa chini kwenye saruji nikalia kama mtoto. Kisha nikafunga mafundo pale nilipokata, nikaingia ndani kuosha vyombo.

Jumapili alasiri baba akamwalika Bi Uzi aje aone kazi ilivyokwisha. Alikuja na begi lake la vifaa, akidhani labda kiti kina kasoro. Spoku naye alikuwepo, hakuna aliyemwita. Baba alisimama kando ya baiskeli na shati lake lililopigwa pasi, akatoa hotuba ambayo ni wazi aliifanyia mazoezi, akaeleza vishikio, akaeleza kengele, akamaliza kwa kusema kwamba ni yake, na kwamba mwenye kuitengeneza naye angependa kuwa wake kama hatajali.

Bi Uzi alitoa uzi mdomoni. Akasema, "Mzee, mimi sijui kuendesha baiskeli."

Ungemwona baba! Akauliza, "Hujui?"

"Hukuniuliza."

Spoku alicheka mpaka akakaa chini. Baba mwenyewe akacheka, Bi Uzi akacheka, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na uso wa mawe nikajikuta nimeshika tumbo. Miaka mingi nyumba hii haikusikia kicheko cha namna hiyo, na kilipokwisha tulitazamana kama watu waliovunja kitu.

Kisha Bi Uzi akawa mtulivu. Alisema kwamba ameelewa anachoulizwa na kwamba si baiskeli. Lakini hakutoa jibu. Alisema, "Wewe umeshasema, mzee. Nawasubiri wanao. Wote wawili." Baba alitaka kusema neno, akamnyamazisha kwa mkono ule wa kushoto.

Kabla ya kuondoka aliinama kutazama wavu. Ni mtu wa sindano, jicho lake halipiti juu juu. Kidole kikatembea kwenye uzi wa zambarau mpaka kikasimama kwenye mafundo yangu. Akainua macho. Baba na Spoku walikuwa wamehamia getini. Akasema taratibu, "Hapa pamekatwa."

Nikamjibu ni mimi.

Akasema, "Ningekuwa wewe, mwanangu, ningeukata wote."

Hakuniuliza sababu, wala hakujitolea kuurekebisha. Alichukua begi lake akaenda zake kwa miguu. Wala hakumwambia baba. Ningejua, maana uso wa baba hauna pazia.

Mdogo wangu, mimi nimeshamjibu Bi Uzi. Nilimfuata kibandani kwake, nikamwambia kwa upande wangu ni ndiyo. Nakuandikia wazi usije ukalisikia kwa shangazi likiwa na chumvi. Baada ya kumwambia nilirudi nyumbani nikalia tena, kwa sababu nilihisi nimemwaga kitu cha mama, na papo hapo nilihisi nimetua mzigo ambao sikujua naubeba. Vyote viwili ni kweli, na sikufichi kimoja nikakuonyesha kingine.

Sikuombi ukubali. Ulimpenda mama kwa namna yako, nawe uko mbali, hukumwona baba akila peke yake wakati mimi nipo zamu. Ninachokuomba ni kimoja: jibu lako, liwe lipi, usimwandikie baba wala usiniandikie mimi. Mwandikie Bi Uzi mwenyewe. Kama ni hapana, mwambie hapana na sababu yake. Nina hakika hatakuchukia. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Baiskeli ipo sebuleni, na hakuna aliyeipanda.

Msalimie sana shemeji. Mwambie kile kikapu cha mtoto nimekipata na nitakituma kwa mtu wa kuaminika. Wewe kunywa maji ya moto na uache kutembea bila viatu.

Wakati naandika baba amepita hapa mara kadhaa akitafuta miwani aliyoivaa. Hakuuliza naandika nini. Sasa hivi amesimama mlangoni, amesema nikupe salamu zake, akaondoka, kisha akarudi akasema, "Mwambie polepole."

Nimemwambia nimejitahidi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mama Mkubwa wa huyo mng'ataji