Zaina Hataki Dodo

Jumatatu, 4 Machi 1957
Dodo, mchicha wa huku kwetu, imebaki sahanini tena. Zaina kala maharage moja moja, kila jani kalitenga pembeni kama anachambua mawe kwenye mchele. Miaka sita, na mkono wa fundi saa. Mdogo wake Twaha humwiga tu: dada akifunga mdomo, naye kafunga.
Juzi daktari wa Kasese alimtazama macho. Giza likianza kuingia, mtoto haoni, anapapasa ukuta. Mimi nilidhani uvivu, nikawa namgombeza. Naona aibu. Kasema: mboga za majani, boga, papai bivu, kila siku. Tumrudishe Jumamosi ya tarehe 16. Asipopata nafuu, atalazwa huko huko. Na Twaha nitamwacha na nani?

Jumanne, 5 Machi
Papai: "linanuka." Boga: vijiko vitatu. Dodo: hata jani moja. Nimechoka.

Jumatano, 6 Machi
Leo ukali. Hakuna kuinuka mkekani mpaka sahani ziwe tupu. Nikaenda kuanika nguo. Kurudi, sahani tupu! Nikawasifu, nikawapa miwa. Kumbe dodo kala mbuzi. Nimemkuta nyuma ya jiko analamba midomo, anataka nyingine. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikawanyang'anya miwa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemlisha Zaina kwa mkono. Katapika. Anasema inamuuma ulimi. Nimefoka, nimesema ni deko. Jua lilipozama akajigonga kwenye kinu, hakulia. Niliyelia ni mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Jirani yangu Mama Masika kaja kuazima ungo. Kazaliwa Katwe, baba yake anavuna chumvi ziwani. Kaonja dodo yangu, katema nje.
"Mama Zaina! Uliweka nini humu?"
Nikamwonyesha kibonge. Mama mkwe alinifundisha kutia magadi kwenye majani yalainike. Magadi yalipokwisha, nikaanza kuokota vibonge vinavyodondoka kwenye magunia ya Baba Zaina. Lori lake hubeba chumvi ya Katwe. Niliona vinafanana.
"Hii iko chumvi ya ng'ombe! Unalisha batoto ama unanenepesha fahali?"
Kacheka mpaka kitenge kikamlegea. Sikupenda. Halafu nikacheka na mimi.
Mwezi mzima! Maharage natia chumvi ya duka, dodo peke yake ndiyo niliyoiharibu. Baba Zaina hula njiani, Katunguru huko. Na mimi tangu nishike mimba hii harufu ya majani inanichefua, sionji. Watoto walikuwa na haki. Mbuzi naye.

Jumamosi, 9 Machi
Dodo ya karanga, chumvi ya duka. Nimefumba pua, nimeonja mwenyewe kwanza. Nimewaomba radhi watoto. Twaha hakuelewa, kaomba muwa. Zaina kanitazama muda mrefu, kagusa kwa ncha ya ulimi. Kisha kala. Kala yote.
"Sasa Mama umejua kupika."
Nimempakulia tena. 

Jumanne, 12 Machi
Dodo, sahani mbili. Papai bado linanuka, ila ukilikamulia ndimu linanuka kidogo. Vipande vitano kila siku, hilo halina mjadala.
Baba Zaina karudi. Twaha kamweleza yote kabla hajavua viatu. Sasa ananiita Mama Ng'ombe. Aendelee tu, atajipikia.

Alhamisi, 14 Machi
Nimekuwa naogopa kumpima. Jana jioni nilimshika mkono mwenyewe mpaka kitandani, nisione kama anapapasa. Ujinga.

Ijumaa, 15 Machi
Kesho Kasese. Nguo zake nimefunga, na zangu, ikiwa tutabaki.
Magharibi sikuwasha taa, makusudi. Nimekaa nje kwenye kigoda, milima imeshakuwa myeusi. Zaina katoka ndani. Kazunguka meko, karuka rundo la kuni, kaja moja kwa moja. Mikono yake ilikuwa mgongoni. Kasimama mbele yangu, kaniangalia usoni.
"Mama, mbona unalia?"
Sikuwa nimetoa sauti.
 Kisha tumeingia kuwasha taa.