Mkwe Upande wa Kushoto

Jumatatu, 5 Mei

Lori la balasti tena, kokoto za kujengea. Gatina tena. Wanajenga pale utadhani wameambiwa ardhi itaisha kesho. Ghorofa moja ikiisha, ya jirani inaanza. Sawa tu, ndiyo inanipa kazi.

Mvua asubuhi yote. Barabara ya Naivasha imejaa boda, mikokoteni, baiskeli za mikate. Baiskeli ndizo zinanimaliza. Zinaingia kila tundu. Nimepiga honi mpaka Mzee Musa akaniuliza kama nalipwa kwa honi. Musa ni turniboi wangu, msaidizi wa lori, Mnubi wa Makina. Kichwa kizima mvi na bado anaitwa boi. Anakaa kushoto, ananitazamia upande ule ambao dereva wa lori hauoni vizuri. Mdomo wake haupumziki.

Nimefika nyumbani Soweto West nimelowa. Binti yangu Nekesa amepika omena. Anaimba nyuma ya pazia kama redio. Harusi yake ni mwisho wa mwezi. Nina furaha mpaka naona aibu.

Jumatano, 7 Mei

Mkwe wangu anaitwa Wanjala. Mbukusu kama sisi, anaishi Gatina. Anasambaza mikate madukani kwa baiskeli, sanduku la njano nyuma, limeandikwa MUNGU NI MWEMA. Tangu wazee wake walete mahari sijamwona uso. Ndivyo tulivyo. Mama mkwe na mkwe hawashikani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mkwe anaacha njia. Mpaka siku atakayoleta blanketi na wazee waseme haya, salimianeni.

Nekesa anasema hayo ni mambo ya zamani. Mimi nayapenda. Siku hizi vijana wanakuita "mathe" na kukugonga bega. Huyu wangu ana adabu.

Musa anasema mkwe wangu ananiogopa kuliko askari wa kanjo.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika vibaya.

Nilikuwa nakata kushoto kuingia Gatina. Indiketa imewaka. Nimeangalia kioo, hakuna mtu. Nimeanza kukata. Musa akagonga mlango kwa ngumi. "Simama! Mama, simama!" Nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Balasti ikanguruma nyuma. Halafu watu wakaanza kupiga mayowe.

Nikashuka. Mikate barabarani. Baiskeli imelala, sanduku la njano limebanwa na tairi la nyuma. Limebaki MUNGU NI, mengine yako chini ya lori. Mwenyewe hayupo. Nikainama kuangalia chini. Hayupo.

Mama wa mahindi akanionyesha kwa mdomo: nyuma ya kibanda chake. Viatu viwili vinachungulia. Kijana ameruka, mzima kabisa, hata hajachubuka. Halafu ameona nashuka na akakimbia kujificha. Karibu nimuue, na yeye shida yake ni nisimwone uso!

Nimekaa ukingoni mwa barabara nikalia na kucheka kwa pamoja, mkate mkononi. Watu wakadhani nimerukwa na akili.

Ndipo Musa akaniambia. Kila asubuhi Wanjala anafanya hivyo. Akiona lori langu anajibana upande wa kushoto, kando ya tairi la nyuma, asionekane. Siku zote Musa humsubiri aende zake, ndipo ananiambia kata. Leo alikuwa anameza mandazi. Alidhani najua! Kumbe heshima yote hiyo mtoto anaifanyia mahali ambapo lori litamlaza na mimi sitajua. Nimemgombeza Musa mpaka sauti ikakauka. Kisha nikamnunulia chai.

Jumamosi, 10 Mei

Sijalala. Ningemfanya mtoto wangu mjane kabla hajaolewa. Haya, nimeandika. Nikafue sasa.

Jumapili, 11 Mei

Nimemwambia Nekesa amwambie Wanjala apite mbele yangu, nimwone. Jibu limerudi kabla ugali haujaiva. Hawezi. Baba yake alimfundisha kwamba mama mkwe hapitwi hivi hivi kama nguzo ya stima. Ati ataongeza bidii, atajibana zaidi.

Ajibane zaidi! Woi.

Nekesa akasema, "Mathe, huyo msee ni mkaidi kuliko wewe." Nikamwuliza basi ni kwa nini anaolewa naye. Akasema amezoea kuishi na watu wakaidi.

Nimejaribu njia nyingine. Nimempigia bosi nikamwomba anipe kazi Rongai mpaka harusi ipite. Amecheka. Ati mkwe wangu si shida ya lori lake. Na mikate inatoka saa zile zile tunazopeleka balasti, na barabara ya kuingia Gatina ni hiyo hiyo. Nimekasirika na bosi, na baba yake Wanjala, na mababu wote wa Bungoma.

Jumatano, 14 Mei

Wanjala amepiga sanduku misumari na mbao. Amerudi barabarani. Siku tatu sasa naendesha kama nimebeba mayai. Musa hali tena mandazi. Ametoa kichwa nje, anapiga kelele njia nzima: "Mkwe kushoto! Mkwe bado kushoto! Mkwe ameinama!" Matatu zimenitukana kwa lugha zote za Kenya.

Nimechoka. Naogopa kila kona.

Wazo limenijia kwenye foleni pale Dagoretti Corner. Hataki kuona uso wangu, sawa. Basi aone kioo changu.

Jumapili, 18 Mei

Leo nimecheka, nimelia, nimevunja desturi kwa sekunde mbili. Wacha niandike yote.

Baada ya kanisa nilifungua yadi ya bosi. Malori yote yamelala. Nekesa aliwaita wasambaza mikate wa Gatina, wakaja kama kumi hivi, na mashati ya Jumapili. Wanjala nyuma yao, kofia imeshushwa mpaka puani. Nikapanda kwenye lori, nikafunga dirisha. Musa akawapanga na baiskeli zao kuzunguka lori. Kazi yangu ilikuwa kutaja ninayemwona kwenye vioo.

Nimeona wanne. Wengine wote wamepotea. Wa kando ya tairi kushoto hayupo. Wa nyuma kabisa hayupo. Hata yule aliyesimama puani mwa lori, karibu anibusu, sikumwona! Mwanzo walicheka. Mmoja mwenye shati la maua hakuamini, akapanda kujionea. Akashuka ameshika kichwa. "Wasee, hii ni noma." Wakaacha kucheka.

Halafu zamu ya Wanjala kukaa kwa dereva. Ilikuwa sinema. Mimi nashuka mlango wa kulia, yeye apande wa kushoto, Musa katikati kama refa, ananyoosha mikono tusikutane. Wanjala akakaa. Mimi nikaenda kimya nikasimama pale pale anapojibana kila asubuhi. Kando ya tairi.

Musa akamwuliza, "Mama mkwe yuko wapi?"

Akaangalia kioo. Akaangalia cha upande wa pili. Akasogea, akarudi.

"Simwoni."

Musa akamwambia aangalie vizuri.

"Simwoni mama. Mama? Mama, uko wapi?"

Aki, sauti ile! Kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilitaka kujibu nikajizuia. Nilitaka imwingie. Kisha nikalipiga bati la lori kwa kiganja. Niko hapa, nikasema. Hapa ndipo unapokaa kila siku.

Akaruka chini bila kufikiria ni mlango gani. Tukajikuta uso kwa uso. Mimi na mkwe! Ni mzuri, kijana wa watu. Macho yamejaa machozi. Akajifunika uso kwa kofia, mimi nikageuka, yeye akageuka, wenzake wakaanguka chini kwa kicheko.

Basi tukaongea tumepeana migongo. Musa alikuwa ameshawafundisha wengine: usipoona uso wa dereva kwenye kioo, jua dereva hakuoni. Lakini huyu wangu haruhusiwi kuuona uso wangu. Nikamwambia, "Desturi inakataza nione uso wako. Mgongo haijakataza. Kaa mbali mbele yangu nione mgongo. Na ukikuta indiketa yangu imewaka kushoto, baki nyuma kabisa, usiingie."

Nilihesabu mbegu za embe zilizotupwa pale chini. Kisha akasema, "Sawa, mama."

Kijana mkaidi amesema sawa! Nimerudi nyumbani nikiimba mimi.

Jumatatu, 19 Mei

Alinisubiri pale kona. Akaona lori, akainua mkono bila kugeuka, akatangulia. Mgongo mpana, koti la kung'aa la rangi ya machungwa. Sanduku jipya, MUNGU NI MWEMA lote lipo. Mimi nikabaki nyuma, mbali, kama mama mkwe anavyotakiwa.

Sikujua ni rahisi hivyo. Kukaa mbali tu.

Matatu ya nyuma ikapiga honi kama imechomwa. Musa akatoa nusu ya mwili nje: "Huyo ni mkwe wake! Haruhusiwi kumkaribia!" Dereva wa matatu akaacha honi. Akafikiria. Akapunga mkono. Tumecheka mpaka saiti ya ujenzi.

Ijumaa, 23 Mei

Habari imefika kwa madereva wote wa saiti. Sasa kila mwenye baiskeli ni mkwe. "Chunga, mkwe mbele." "Nimekutana na wakwe watano Kawangware." Mjaluo wa lori la mchanga anasema hata kwao mama mkwe si mtu wa kusogelewa, kwa hivyo amekubali haraka. Mkikuyu wa lori la mawe alisema yeye na mama mkwe wake hukaa pamoja vizuri tu. Musa akamwambia ajifanye hawapatani.

Leo Musa amekuja na rangi nyeupe. Ameandika nyuma ya lori upande wa kushoto, herufi zimepinda: MKWE, USIKAE HAPA. Bosi ameona. Amesoma mara mbili. Amesema andika na kwa lori lile lingine.

Jumamosi, 31 Mei

Nimechoka, miguu inauma, sitaki siku iishe.

Tuliosha lori jana mpaka likawa na rangi ambayo sikuijua. Nekesa alikaa kati yangu na Musa. Gauni lilijaa kote, Musa akabanwa dirishani, puani ana shela, bado anaongea. Mbele yetu baiskeli zote za mikate, riboni na baluni kwenye masanduku. Wanjala katikati ya wenzake, suti ya kijivu, suruali ameibana na pini isishikwe na cheni. Mimi nyuma yao na taa za hazadi zimewaka. Hakuna gari lililowakaribia leo. Lori lote la balasti lilikuwa mlinzi wao. Wamama wa Kawangware walitoka madukani wakapiga vigelegele. Mama wa mahindi alirusha maganda badala ya maua.

Niliendesha nikiwa nalia. Nekesa ananipangusa, anasema, "Mathe, angalia barabara."

Baada ya kanisa Wanjala akaleta blanketi. Wazee wakasema haya, salimianeni. Akanyoosha mkono. Mkono mgumu wa kushika usukani wa baiskeli, kama wangu wa kushika usukani wa lori. Tukatazamana kwa amani sasa. Sikuachia haraka.

Blanketi lilikuwa zito. Nikalifungua mbele ya watu. Ndani, kioo. Kioo cha mviringo, kile cha kufungwa pembeni mbele kushoto, kinachoonyesha mpaka chini kando ya tairi. Amenunua mwenyewe, hakumwambia hata Nekesa. Nimelia kwa sauti. Majirani zetu wa Silanga wakaulizana kwa nini mama wa bibi harusi analilia kioo. Musa akawaeleza. Aliwaeleza mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu, 2 Juni

Nyumba iko kimya. Pazia halisogei. Nimejitengenezea chai, nikaweka vikombe viwili, nikarudisha kimoja.

Wanjala hafanyi kazi wiki hii, wako Bungoma. Musa amefunga kioo kipya. Ameking'arisha kwa shati lake.

Mvua ndogo. Balasti, Gatina. Pale kona nikawasha indiketa, nikaangalia kioo kile. Kando ya tairi kulikuwa na baiskeli. Mzee mmoja na gunia la sukuma wiki, labda anatoka shambani. Uso mdogo sana kwenye kioo, umelowa. Alikuwa anaangalia shimo mbele yake, hana habari na mimi.

Simjui. Ni mkwe wa mtu.

Nikavuta breki, nikangoja apite.